Laptopu inaganda, fundi anataka kupiga Windows: okoa mafaili yako kwanza

"Assalaam alaikum. Mimi ni mwalimu wa skuli, naishi Wete, Pemba. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Ina Core i3 ya kizazi cha tano, RAM GB 4, diski ya GB 500 na Windows 10. Betri imekufa zamani, kwa hivyo naitumia kwa umeme wa ukutani tu, na umeme ukikatika nayo inazimika pale pale. Kwa miezi miwili sasa inachukua robo saa kuwaka, na ikiwaka inaganda hata nikifungua Word peke yake. Picha moja imekataa kabisa kufunguka. Fundi wa kwanza kasema ni virusi, nipige Windows upya, na kila kitu kitafutika. Wa pili kasema RAM ni ndogo, niongeze. Ndani mna mitihani niliyotunga kwa miaka sita, ya Kiswahili na ya Kiarabu, na picha za harusi ya binti yangu ambazo sina pengine. Nifuate ya nani? Na je, niipeleke Unguja?"

Waalaikum salaam, mwalimu. Kwa leo usifuate ya yeyote kati yao. Huyu wa RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta huitumia ikiwa inafanya kazi, huenda ana nusu ya ukweli, nitamrudia. Lakini ukiziweka dalili zako pamoja, yaani kuwaka robo saa, kuganda kwenye kazi nyepesi, na hasa hiyo picha iliyokataa kufunguka, kinachoshukiwa kwanza ni diski yenyewe kuchoka. Diski ikishafika hapo, kila saa ya kuitumia inaipunguza. Kwa hivyo kazi yako ina mpango wa aina moja tu: kuokoa mafaili, halafu kupima, halafu ndiyo kutengeneza. Ukimpa fundi aanze na la tatu, mitihani na picha zimekwenda, na hakuna duka utakalozinunua tena.

Nieleze kidogo kinachotokea ndani, maana ukikijua utaweza kuzungumza na fundi yeyote. Diski ya aina hiyo ina sahani za duara zinazozunguka, kwenye laptopu nyingi mara 5,400 kwa dakika. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, bila kugusa, kwa nafasi ndogo kuliko chembe ya vumbi. Data zimegawiwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Umeme ukikatika wakati diski inaandika, kichwa hurudishwa pembeni kwa dharura na sekta iliyokuwa ikiandikwa inaweza kubaki nusunusu. Ikitokea mara moja si neno. Ikitokea kila wiki kwa miaka, tena laptopu ikibebwa kwenye bodaboda haijazimwa, sekta dhaifu zinaongezeka.

Sasa sekta dhaifu ikitakiwa kusomwa, diski haikati tamaa haraka. Inajaribu, inarudia, inarudia tena, kama mtu anayesoma hati ya zamani iliyolowa maji: anaisogeza kwenye mwanga, anaigeuza, anakisia herufi. Muda wote huo Windows imekaa inangoja, nawe unaona skrini imeganda. Virusi vinaweza kuichosha kompyuta, ni kweli, lakini picha iliyokuwa nzima ikikataa kufunguka huku mashine nzima imekwama, mimi natazama diski kabla ya kutazama virusi.

Na hapa ndipo wengi wanapodanganyika, mafundi pamoja na wenye mashine. Kupiga Windows kwenye diski mbovu kunaonekana kama kumetibu. Wiki tatu nne laptopu inakwenda vizuri. Sababu ni kwamba diski ikiandikiwa upya juu ya sekta dhaifu hupata nafasi ya kuiacha ile sekta na kutumia moja ya akiba ilizotoka nazo kiwandani, na pia programu zilizokuwa zikijiwasha zenyewe zimeondoka. Ugonjwa unaendelea chini kwa chini. Baada ya muda mfupi unarudi kwa fundi yule yule kwa maradhi yale yale, na safari hii huna mafaili.

Basi tuanze uokoaji. Acha kuifanyia kazi yoyote laptopu hiyo. Usiweke antivairasi mpya, usiendeshe kupanga diski upya, na usikubali mtu aendeshe chkdsk, ile kazi ya Windows ya kukagua diski. Kwenye diski nzima ni dawa nzuri. Kwenye diski inayokufa huipitisha sekta zote moja baada ya moja kwa saa nyingi, na kwa mafaili yaliyoharibika inaweza kuyakata vipande au kuyaondoa. Nafasi yake ni baada ya mafaili kuwa salama.

Tafuta diski ya nje ya USB, au flashi kubwa uliyoijaribu. Jihadhari na flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi ni za uongo: ndani zina GB chache, zimebadilishwa zijitangaze kubwa, na zikijaa zinaandika juu ya mafaili yako bila kukwambia. Programu ya bure iitwayo H2testw huijaza flashi yote kisha ikaisoma, ikakuonesha ukubwa wa kweli. Ifanye kazi hiyo kwenye kompyuta nyingine, si kwenye hii inayougua.

Usinakili diski nzima kwa mkupuo. Anza na kisichopatikana pengine: folda ya mitihani, kisha picha za harusi, kisha mengineyo. Usisahau yaliyowekwa juu ya skrini ya mbele na yaliyo kwenye folda ya vilivyopakuliwa, maana huko ndiko watu huweka vitu na kuvisahau. Kama uliweka mwenyewe fonti za Kiarabu, zinakili nazo kutoka C:\Windows\Fonts. Windows mpya haitakuja nazo, na mtihani wako wenye irabu utafunguka umevurugika mistari.

Kunakili kwa kuburuta na panya kuna udhia: ikikutana na faili bovu inasimama na kukuuliza, au inaganda. Ni bora utumie robocopy, programu ya kunakili kwa kuandika amri, ambayo imo ndani ya Windows tayari. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hivi, ukibadilisha jina na herufi ya diski kulingana na mashine yako:

robocopy "C:\Users\Mwalimu\Documents" "E:\Documents" /E /R:1 /W:1

Hilo /E linachukua na folda za ndani. /R:1 na /W:1 zinaiambia ijaribu tena faili bovu mara moja tu, baada ya sekunde moja, kisha iendelee mbele. Usiziache hizo mbili. Bila ya kuambiwa, robocopy hujaribu tena faili moja mara 1,000,000, ikingoja sekunde 30 kila mara, na diski yako haitakuwa hai kuuona mwisho wake. Ikimaliza itakupa hesabu ya yaliyopita na yaliyoshindikana. Yaliyoshindikana yaandike, utayarudia mwisho.

Ikiwa Windows haiwaki tena kabisa, mafaili huenda yapo vile vile. Mtu mwenye kompyuta nyingine akutengenezee flashi ya Linux Mint, mfumo wa bure unaoendesha kompyuta badala ya Windows, kwa programu ya Rufus. Flashi ya GB 8 inatosha. Unaiwasha laptopu kwa flashi hiyo badala ya diski yake. Kwenye Dell na Lenovo nyingi unabonyeza F12 mara tu inapowaka, kwenye HP ni Esc kisha F9. Chagua kuijaribu bila kuisakinisha, fungua diski ya zamani kama unavyofungua folda, nakili unachotaka. Njia nyingine ni kuitoa diski na kuitia katika kasha la USB la inchi 2.5, kisha kuichomeka kwenye kompyuta nzima. Skrubu chache, bisibisi ndogo ya msalaba, na robo saa ya fundi mtulivu.

Ukisikia diski inapiga tik, tik, tik kwa mpangilio mmoja, zima papo hapo na usiwashe tena. Hicho ni kichwa kinachoshindwa kujua kilipo, na kila ukiwasha kinaweza kuikwaruza sahani. Zile hadithi za kuitia diski kwenye friza ziache. Katika unyevu wa hewa yetu utaitoa ikiwa imetona majimaji ndani. Wala asiifungue mtu kifuniko. Kazi hiyo hufanywa katika chumba kisafi maalumu na maabara za kuokoa data, ni ghali, na haina dhamana. Kwa picha za harusi, kabla ya kufika huko, waulize jamaa uliowatumia kwa WhatsApp, na mpiga picha mwenyewe. Ubora wa za WhatsApp utakuwa umepungua, lakini ni picha.

Ukishanakili, hakiki. Linganisha idadi ya mafaili pande zote mbili, kisha fungua kumi au kumi na tano kwa kuchagua ovyo, ya zamani na ya karibuni. Halafu fanya nakala ya pili ikae nyumba nyingine. Mitihani ya Word ni midogo mno. Ya miaka sita inaweza isifike hata GB 1, na akaunti ya Google inakupa GB 15 bila malipo, kwa hivyo bando dogo linatosha kuipandisha. Picha ndizo nzito, hizo zikae kwenye diski ya nje.

Sasa kupima, ili tuache kukisia. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, nenda Performance, kisha Disk. Watu wanaona 100% wanasema diski mbovu. Hiyo peke yake haitoshi. Tazama chini yake namba mbili: kasi ya kusoma, na muda wa kujibu kwa milisekunde. Ikiwa 100% na kasi ni makumi ya MB kwa sekunde, diski inafanya kazi kweli, labda masasisho yanashuka au RAM imejaa. Ikiwa 100% na kasi haifiki hata MB 1, huku muda wa kujibu unapanda kupita milisekunde 1,000 kila mara, hapo diski inahangaika na sekta mbovu.

Kipimo cha pili ni programu ya bure ya CrystalDiskInfo, inayosoma kumbukumbu ambazo diski hujiandikia yenyewe. Buluu ni nzima, njano ni tahadhari, nyekundu ni mbaya. Usiishie kwenye rangi. Tazama mistari ya 05, C5 na C6. Ya 05 ni sekta zilizokwisha kubadilishwa na akiba, C5 ni zile zinazosubiri kwa kuwa hazisomeki, C6 ni zilizoshindikana. C5 ikiwa si sufuri, diski hiyo si ya kuwekea kitu unachokipenda. Angalia tu kwamba programu huziandika namba hizo kwa mfumo wa hesabu wa kumi na sita, kwa hivyo 1A maana yake ni 26, si kosa la maandishi.

Na RAM? Fundi wa pili hakusema uongo. Windows 10 ikiwaka tu hutumia karibu nusu ya GB 4, ukifungua kivinjari na Word inajaa, na ikijaa Windows huanza kuhamishia mizigo kwenye diski. Diski nzima ingestahimili; yako inazidiwa. Lakini kuongeza RAM na kuiacha diski ile ile hakutaifufua hiyo picha, wala hakutazuia nyingine kufuata. Vipimo vikionesha diski ni nzima na RAM daima iko juu ya 85%, hapo nitamuunga mkono fundi wako. Kwa kizazi chako cha prosesa, laptopu nyingi hutumia RAM ya DDR3L ya volti 1.35. Usiuziwe DDR3 ya kawaida ya volti 1.5 kwa kuwa inaingia kwenye tundu. Kuingia siyo kufanya kazi.

Vipimo vikithibitisha diski mbovu, nunua SSD, yaani diski ya aina mpya isiyozunguka, ya SATA ya inchi 2.5, GB 240 au 256, ikiwa ulivyonavyo vinaenea. Haina sahani wala kichwa, haijali mitikisiko, na inasoma kwa karibu MB 500 kwa sekunde. Tofauti kubwa zaidi utaiona kwenye mafaili madogo madogo yaliyotawanyika, ambayo ndiyo kazi yenyewe ya kuwasha kompyuta: ile robo saa kwa kawaida inakuwa chini ya dakika moja. Ukiuziwa SSD iliyotumika, mwambie muuzaji aifungue kwenye CrystalDiskInfo mbele yako, uone saa ilizofanya kazi na afya iliyobaki. Ingiza Windows mpya kwenye SSD kwa flashi ya GB 8 au zaidi, usihamishe nakala ya diski mgonjwa nzima nzima, maana utahama na mafaili yaliyoharibika. Kama Windows yako ilikuwa halali, leseni imefungwa kwenye ubao wa mashine, haipotei kwa kubadilisha diski. Kama iliwashwa kwa programu ya kuvunja leseni, programu hizo ni miongoni mwa milango mikubwa ya virusi, na wala asikuwekee tena.

Kuna jambo la kulipima kwa uwazi. Microsoft ilisimamisha masahihisho ya usalama ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza kwa watu binafsi unafika 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya sehemu ya masasisho. Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel, kama hiyo Core i3 yako, inataka kizazi cha nane kwenda juu, kwa hivyo yako haimo. Fundi anaweza kuilazimisha, ikawaka, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine hizo, nami sioni kama mwalimu anayebeba matokeo ya wanafunzi aegemee hapo. Kwa hivyo, mpango huo wa nyongeza ukiisha, una njia mbili za haki: SSD pamoja na Linux Mint, au kuokoa mafaili na kuweka fedha kwa laptopu ya kizazi cha nane iliyotumika. Hiyo SSD haitapotea, unaweza kuihamishia huko ikiwa laptopu mpya ina nafasi ya inchi 2.5. Uliza hilo kabla ya kulipa. Ukielekea Linux, jaribu kwanza mitihani yako ya Kiarabu kwenye LibreOffice, programu ya bure inayoshika nafasi ya Word, ukiwa bado unaendesha kwa flashi. Inaandika kutoka kulia bila shida, lakini majedwali na mistari yenye irabu huweza kusogea, na bora ulijue hilo nyumbani kuliko siku ya kuchapisha.

Betri nayo usiidharau, kwa kuwa ndiyo iliyokufikisha hapa. Betri nzima ndiyo kinga ya laptopu umeme ukikatika. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na hitilafu huko mbali inazima kisiwa bila ya kubisha hodi. Nunua betri kwa namba iliyoandikwa kwenye ile ya zamani, si kwa kulinganisha umbo. Stabilaiza haihitajiki: soma chaja yako, karibu zote zimeandikwa 100-240V, kwa hivyo umeme mdogo inaustahimili. Kinachodhuru ni ule mpigo wa umeme unaporudi. Ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri dakika kumi. Na kama betri ya sasa imevimba, kibodi au kibao cha kidole kimenyanyuka, iache kuitumia leo hii na fundi aitoe bila kuitoboa.

Kuhusu kusafiri: kunakili, kupima na kubadilisha diski ni kazi ya fundi yeyote makini, Wete au Chake Chake, huhitaji Unguja. Panda boti ikiwa diski haionekani kabisa hata kwenye kasha la USB, au laptopu haiwaki, imeingia maji, au inanuka kuungua, na pale ulipo hakuna anayetengeneza ubao. Ukisafiri, izime kabisa, usiifunge tu kifuniko. Ibebe mapajani, isiende na mizigo, na nakala yako ikae mkoba mwingine.

La mwisho linahusu sitara. Picha za harusi za ndani si za kuachwa dukani usiku kucha. Kufuta tu hakutoshi, kwenye diski ya aina hiyo vilivyofutwa hurudishwa kwa urahisi. Ama ukae na fundi mpaka amalize, au itoe diski kabla ya kumwachia mashine. SSD mpya na flashi ya kuingizia Windows vinamtosha kwa kazi yake. Diski ya zamani idai mkononi mwako, hata akikwambia ni takataka. Ikae kabatini mwaka mmoja, pengine utakumbuka faili ulilolisahau, kisha itobolewe kwa keekee matundu mawili matatu kupitia sahani zenyewe.